Mtoto ana usonji: tuwaambie wenzake wa darasani au tunyamaze? (Lubumbashi)

Mama_Kampemba aliuliza:

Jambo wote. Mtoto wetu ana miaka 8, yuko darasa la tatu la msingi hapa Lubumbashi, zamu ya asubuhi, wanafunzi 56 katika chumba kimoja. Daktari na mwanasaikolojia wamethibitisha kwamba ana usonji (autisme). Anasema vizuri Kiswahili, Kifaransa kinakuja, anasoma haraka na hesabu zinamwendea. Shida iko kwingine. Kengele ikigongwa anaziba masikio na kupiga yowe. Kwenye mstari wa asubuhi, wimbo wa taifa ukianza, anatoka mbio. Wakati wa rekre (mapumziko) anafuata ukuta peke yake akihesabu matofali. Akihamishwa nafasi kwenye benchi analia mpaka anatapika.

Wenzake wameanza kumpa majina. Wawili wamesema ana ulozi, na mzazi mmoja ameomba mtoto wake asikae benchi moja naye. Titileri (mwalimu wa darasa lake) ni mtu mwema, anataka kusimama mbele ya darasa aeleze kila kitu, na aliseme jina la hali yenyewe. Baba yake mtoto anakataa kabisa. Anasema neno hilo likishatoka darasani halirudi, litafika kanisani na kartie (mtaa) nzima.

Mtoto mwenyewe hajaambiwa. Ana dada yake darasa la tano, shule hiyohiyo.

Naomba wanaojua kazi hii waniambie: kusema au kutosema? Na kama ni kusema, nani aseme, lini, kwa maneno gani?

---

Msimamizi

Nimeondoa jina la mtoto na la shule kwenye swali. Wote mnaojibu, tuendelee hivyo hivyo.

---

Mwalimu_ElimuMaalumu

Mama, kabla ya kuchagua kati ya ndiyo na hapana, tenganisha vitu viwili ambavyo titileri wako amevichanganya. Kuna jina la hali, yaani "usonji". Na kuna maelezo ya yale ambayo watoto wanayaona kila siku: kuziba masikio, kukimbia mstari, kulia akihamishwa. Maelezo unaweza kuyatoa bila jina. Jina bila maelezo halina faida yoyote, kwa sababu mtoto wa miaka 8 akisikia "ana usonji" hajui afanye nini na mwenzake. Atakachobaki nacho ni tusi jipya la kutumia uwanjani.

Tena usianze na hotuba. Anza kwa kurekebisha darasa, halafu ndipo uamue. Katika mambo manne uliyoyataja, matatu yanaweza kupungua sana ndani ya wiki mbili au tatu bila mwanafunzi hata mmoja kuambiwa chochote.

Kengele. Shule nyingi zetu zinagonga chuma cha gurudumu la gari kwa nondo, na sauti hiyo ni kali, inakuja bila onyo. Mpangie mtoto onyo: dakika mbili kabla, titileri anaweka kadi ya rangi kwenye pembe ya benchi lake. Mpatie vifuniko vya masikio vile wanavyovaa wafanyakazi wa migodi na karakana, hapa mjini vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya usalama kazini. Avivae wakati wa kengele, wakati wa mstari, na mvua kubwa inapopiga mabati. Asivivae siku nzima, maana masikio yanazoea ukimya na kelele ya kawaida inamwumiza zaidi akivivua. Na kuna watoto wanaovumilia sauti wanayoitoa wao wenyewe. Mwulize kama angependa kwenda na mgonga kengele na kugonga pigo la kwanza. Akikataa, usilazimishe.

Mstari wa asubuhi. Asiwe katikati. Mweke mwisho wa mstari wa darasa lake, upande wa ukuta, ili mtu awepo upande mmoja tu. Kinachomtoa mbio mara nyingi ni wimbo pamoja na kubanwa na miili ya wenzake mbele, nyuma na pembeni. Akishindwa hata hapo, aingie darasani dakika tano mapema na kazi maalumu, kama kugawa madaftari. Kazi iwe ya kweli, la sivyo wenzake wataona ni upendeleo.

Benchi. Nafasi moja kwa trimesta (muhula) nzima, mwisho wa benchi, karibu na ukuta au mlango, na alama ndogo aliyoichora mwenyewe. Kama titileri ana desturi ya kuwazungusha wanafunzi, mtoto wako aonywe siku moja kabla, aonyeshwe mahali papya wenzake wakiwa wameondoka.

Rekre ndiyo ya mwisho, na hiyo haiwezekani bila wenzake kushirikishwa. Nitairudia chini.

Sasa, nani ajue jina? Titileri, direkta (mkuu wa shule), na mwalimu anayeshika darasa titileri akikosekana. Sentineli wa mlango hahitaji jina, anahitaji kujua kwamba mtoto huyu anaweza kukimbilia nje kengele ikilia, kwamba asimkamate kwa nguvu wala kumfokea, na asimame tu mlangoni. Kama mtoto ana kifafa pia (baadhi ya wenye usonji wanacho), watu wazima wote wanaomsimamia wajue, hata mkiamua wenzake wasijue neno lolote.

Andika ukurasa mmoja, si zaidi. Juu: anachokipenda na anachokiweza. Katikati: kinachomsumbua, na dalili za mwanzo kabla hajalipuka kwa kilio au yowe (kuhesabu kwa sauti, kuvuta kola, kutembea kwa vidole). Chini: la kufanya hatua kwa hatua na namba yako ya simu. Nakala moja kwa titileri, moja kwa direkta, moja ndani ya daftari la maandalizi ya masomo, ili mwalimu wa zamu aione. Isibandikwe ukutani. Cheti cha daktari kibaki nyumbani.

---

Mwanasaikolojia_wa_Watoto

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mpangilio wa darasa. Mimi nataka kukaza jambo moja ambalo kwangu halina mjadala: mtoto wako ajue kabla ya mwanafunzi mwingine yeyote. Mtoto wa miaka 8 anayesoma vizuri atalisikia neno hilo uwanjani siku ileile litakapotamkwa darasani. Akilisikia mara ya kwanza kwa anayemcheka, litabaki kichwani mwake kama jina la aibu, na itachukua muda mrefu kulisafisha.

Namna ya kumwambia. Msimweke chini siku moja na kummwagia yote. Fanyeni mazungumzo mafupi, dakika kumi hivi, wiki mbili au tatu, mkiwa mnafanya kitu pamoja: kuchambua sombe (majani ya muhogo), kupanga vifuniko vya chupa, chochote kinachoishughulisha mikono ili asilazimike kukutazama machoni. La kwanza liwe juu ya watu wa nyumbani: nani anaogopa giza, nani anaimba vizuri, nani hawezi kula samaki. La pili liwe juu yake: anachokiweza, kinachomchosha. Mwache ataje mwenyewe kengele, ataitaja. La tatu ndipo jina: "Ubongo wako unasikia na kupanga mambo kwa namna yake. Namna hiyo ina jina, inaitwa usonji. Ulizaliwa nayo. Watu wengi duniani wanayo." Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127. Kwa mtoto anayependa hesabu, namba hiyo ni zawadi: mwache akadirie mwenyewe ni wangapi shuleni kwake.

Akishajua, mwulize mambo mawili kwa picha, si kwa maneno matupu. Chora duara tatu: ndani kabisa watu wa nyumbani, katikati mwalimu, nje darasa zima. Mwambie aweke kokoto kwenye kila duara ambalo angependa lijue. Kisha mwulize ni nini wajue. Watoto wengi wa umri huu wanasema kitu kidogo na cha wazi kabisa, mfano "waambie wasinishike shingo." Sentensi hiyo ina thamani kuliko hotuba nzima ya mtu mzima, jengeni juu yake.

Akisema hapana kwa darasa, basi jina halisemwi. Maelezo ya kumlinda na hatari, kama kukimbilia barabarani, hayo ni kazi ya watu wazima na hayahitaji ruhusa yake. Muulizeni tena trimesta ijayo, maana jibu la Novemba linaweza kubadilika Aprili.

---

Papa_KikundiChaWazazi

Naheshimu waliotangulia, ila nina neno la kuongeza, na kidogo napingana nao. Maelezo bila jina yanafanya kazi vizuri pale ambapo watoto wanauliza tu "anafanya nini?" Hapa kwetu wanauliza pia "kwa nini iko vile?" Swali hilo likikosa jibu shuleni, jibu linapatikana jioni nyumbani kwa jirani au kwenye chumba cha maombi, na wote tunalijua jibu hilo. Mama amesema wazi kwamba neno ulozi limeshatamkwa. Hapo kimya hakimlindi mtoto, kinamwachia msemaji mwingine nafasi.

Kwa hiyo hata mkiacha jina, msiache sababu. Sentensi tatu lazima ziwemo, kwa maneno hayahaya au yanayofanana: alizaliwa hivyo; haiambukizi, hata mkikaa benchi moja, mkinywa kikombe kimoja; hakuna mtu aliyemfanyia, na yeye hamfanyii mtu. Zisemwe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku za wiki. Mwalimu akishusha sauti kwenye sentensi ya tatu, watoto wataelewa kwamba kuna kitu kinafichwa.

Maneno yasiyotakiwa mdomoni mwa mwalimu: mgonjwa, masikini, si wa kawaida, mumwombee. Hilo la mwisho linasemwa kwa moyo safi, lakini kwa mtoto anayesikiliza maana yake ni kwamba kuna kitu cha kutolewa ndani ya mwenzake. Na mtoto huyu asipelekwe kufunga kula wala kukeshwa maombini kwa ajili ya "kutolewa". Kukosa usingizi na njaa vinaongeza milipuko, na milipuko inachukuliwa kuwa ushahidi. Mzunguko huo tunauona sana.

Kuhusu yule mzazi wa benchi: asijibiwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Chochote mnachoandika pale, mtu mmoja atakipeleka kwingine usiku huohuo. Direkta amwite ana kwa ana, amwambie kwamba haiambukizi, kwamba nafasi za benchi zinapangwa na shule, na basi. Hana haki ya kuambiwa jina la hali ya mtoto wa mwenzake. Na mtoto wake asihamishwe siku ileile aliyoomba, kwa sababu darasa litasoma uhamisho huo kama uthibitisho.

---

Wakili_Lshi

Kwa ufupi, upande wa sheria.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, ibara ya 160, inaadhibu kumshutumu mtoto uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga za Kongo 200.000 hadi 1.000.000. Inamhusu mtu mzima, awe mzazi, mchungaji au mwalimu. Mtoto wa miaka 8 anayerudia alichokisikia hashtakiwi, anafundishwa. Direkta akiitaja ibara hiyo kwa utulivu katika mkutano wa komite ya wazazi, bila kumtaja mtoto wala mtu yeyote, mara nyingi inatosha.

Sheria ya msingi namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, elimu ikiwemo. Shule ikisema "mpeleke kwingine", omba wakuandikie. Maneno yanayosemwa mlangoni hayana pa kukatia rufaa.

Na kuhusu kueleza darasa: habari ya afya ni ya mtoto na wazazi wake. Titileri asiseme chochote bila karatasi iliyotiwa sahihi na wazazi wote wawili, yenye mambo haya: nani atasema, siku gani, sentensi zenyewe neno kwa neno, na nini kisisemwe. Baba akiwa bado anakataa, karatasi haipo, na mazungumzo hayapo.

---

Mama_Kampemba

Aksanti sana, wote. Nimesoma na baba yake kando. Yeye amekubali maelezo bila jina, kwa masharti kwamba ayaone yameandikwa kwanza. Tutaanza na mtoto, kama mlivyosema. Naomba sasa mfano wa maneno yenyewe, na hilo la rekre. Na dada yake nimwambie nini? Anaulizwa yeye kila siku.

---

Mwalimu_ElimuMaalumu

Mama, baba ameamua vizuri. Tuseme ni dakika 20, zisizidi. Saa ya pili asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Ijumaa haifai, kwani maswali yatakwenda nyumbani na kurudi Jumatatu yameota matawi. Isiwe wiki ya mitihani wala siku ambayo amelipuka, maana itaonekana kama kesi. Mtoto achague kama atakuwepo. Wengi wanapendelea kuwa na direkta wakisaidia jambo fulani, na wakirudi waambiwe kila kilichosemwa. Asitolewe bila kujua sababu.

Dakika tano za kwanza hazimhusu yeye. Titileri anauliza: nani anaandika kwa mkono wa kushoto? Nani hawezi kusoma ubao akiwa nyuma? Nani anaogopa radi? Mikono inainuka, watu wanacheka kidogo, na tayari darasa limeona kwamba miili na vichwa havifanani.

Kisha maneno yenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa kisubiri:

"Mmeona mwenzetu anaziba masikio kengele ikilia. Ubongo wake unapokea sauti kwa nguvu kupita wetu. Alizaliwa hivyo. Haiambukizi. Hakuna mtu aliyemfanyia, na yeye hamfanyii mtu. Hafanyi makusudi. Akiziba masikio, mpeni nafasi, msimshike, msimzunguke, atarudi mwenyewe. Hesabu anazijua sana, ukikwama mwulize. Ukitaka kucheza naye, mwite jina, mwonyeshe mchezo, ngoja. Asipojibu, si kwamba anakukataa. Jaribu tena kesho."

Angalieni kitu kimoja. Maneno hayo yanagusa tu yale ambayo darasa limeshayaona. Msiongeze kinachomlipua ambacho hawajakijua. Mkiwaambia kwamba hawezi kuvumilia kushikwa shingo au harufu ya chungwa, katika watoto 56 watapatikana watatu watakaojaribu kabla ya saa sita, wengine kwa uovu na wengine kwa kutaka kuona tu. Darasa zima lipewe la kufanya. Vinavyomlipua vibaki kwa watu wazima na kwa wale wenzake wachache nitakaowataja chini.

Hapo mtoto wako akiwa na sentensi yake ya "wasinishike shingo", igeuzeni: "anapenda kusalimiwa kwa mkono au kwa mdomo." Maana ni ileile, ila haimpi mchokozi silaha.

Dakika tano za maswali. Titileri ajiandae kwa manne haya, kwa sababu yatakuja:

"Atapona?" Jibu: si ugonjwa wa kupona, atakua na atajifunza, kama ninyi.

"Ni kichaa?" Jibu: hapana. Halafu kimya. Maelezo marefu baada ya hapana yanaidhoofisha hapana yenyewe.

"Inaitwaje?" Hili mmeamua kutolijibu, basi jibu la kweli ni: "Hilo ni lake yeye na nyumba yake." Mwalimu asidanganye kwamba haina jina.

"Mbona yeye akitoka nje haadhibiwi?" Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloleta chuki likijibiwa vibaya. Jibu: "Kila mmoja hapa anapata anachohitaji ili asome. Akipiga mtu, anaadhibiwa kama wewe. Akitoka kwa sababu ya kelele, hilo si kosa." Na iwe hivyo kweli. Kama mtoto wako akimpiga mwenzake na kuachwa, kazi yote imeanguka, na watoto watakuwa na haki ya kukasirika.

Sasa rekre. Mazungumzo ya darasa zima yanapunguza matusi, lakini peke yake hayaleti rafiki. Rafiki analetwa na watoto wachache waliopangwa. Kuna njia iliyoanzia Canada na kuenea Uingereza, mduara wa marafiki: watoto sita hadi wanane waliojitolea wenyewe, wanakutana na mtu mzima mara moja kwa wiki, dakika 20 hadi 30, kwa wiki sita au zaidi, wanapanga kitu kimoja kidogo cha kufanya wiki ijayo. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 56 na zamu mbili, wanane ni wengi mno. Chukueni wanne, dakika kumi, Jumatano mwanzoni mwa rekre. Wawe mchanganyiko: mmoja anayependwa na wengi, mmoja mtulivu, mmoja anayependa hesabu, na, ndiyo, mmoja wa wale waliosema ulozi kama atajitolea. Msiwachague wasichana wanne wapole. Watageuka mama zake, watambebea mfuko na kumjibia maswali, na baada ya trimesta hataweza kuomba kalamu mwenyewe.

Mchezo uwe na kanuni zisizobadilika na zamu zinazoonekana: kamba, dama kwa vifuniko vya chupa, kuhesabu mapigo ya mpira. Mpira wa miguu wa watoto thelathini uwanjani usubiri. Na katika rekre ya dakika 20, abaki na dakika 10 za ukuta wake. Kuhesabu matofali ndiko kunakompumzisha, msimnyang'anye.

---

Mwanasaikolojia_wa_Watoto

Kuhusu dada: yeye ndiye anayebeba mzigo usioonekana. Mpatie sentensi moja ya kujibu na ruhusa ya kuondoka: "Alizaliwa hivyo, kelele zinamwumiza, ukitaka zaidi uliza titileri wake." Halafu aende zake. Asipewe kazi ya kumlinda mdogo wake rekre nzima, ana marafiki zake na ana miaka 10 tu au 11. Mwambieni naye jina wiki ileile mnayomwambia mdogo wake, ili asilichukue kwa wengine. Na mwulizeni kama kuna mtu anayemsumbua yeye, maana watoto wa hivyo hawasemi mpaka waulizwe.

Kitu kingine. Baadhi ya walimu hupenda kuwafanyisha watoto zoezi la kuonja hali: redio kubwa, taa machoni, imla wakati uleule. Kwa wanafunzi 56 mimi silishauri. Linageuka vurugu, wanacheka, na wanaobaki wamelielewa wanabaki na huruma. Huruma haimkaribishi mtu kwenye mchezo.

---

Papa_KikundiChaWazazi

Kwenye zoezi hilo sikubaliani kabisa. Likifanywa na wale wanne wa mduara, kwa dakika mbili, mtu mzima akiwauliza baadaye "ungetaka tukufanyie nini wakati ule?", linasaidia. Darasa zima, hapana, hapo tuko pamoja.

---

Mwalimu_ElimuMaalumu

Nakubali kwa wanne.

Mama, la mwisho upande wangu: pimeni, msiamini hisia. Kuanzia wiki hii, kabla hamjasema neno, titileri au mwalimu wa zamu amtazame mtoto dakika tano za rekre, siku tatu kwa wiki, na aweke alama moja kati ya tatu kwenye karatasi: yuko peke yake, yuko na mwenzake, anasumbuliwa. Wiki mbili kabla ya mazungumzo, wiki nne baadaye. Kama "anasumbuliwa" inapanda wiki ya kwanza, msishtuke, wengine wanapima mpaka uko wapi. Ikibaki juu wiki ya tatu, kuna mtoto mmoja au wawili wanaoongoza; direkta ashughulike na hao kwa majina yao, hotuba ya pili kwa darasa isifanyike. Kama "yuko na mwenzake" haisogei kabisa, tatizo ni mchezo mliouchagua au wale wanne, badilisheni.

Na Juni, kabla ya likizo, ukurasa ule mmoja uandikwe upya na umfikie titileri wa darasa la nne mkononi. Mtoto aone chumba kipya na benchi lake jipya wiki moja kabla ya Septemba, wakati shule bado ni kimya. Darasa likichanganywa na wanafunzi wapya, msidhani wale wa zamani watawaeleza vizuri. Titileri mpya arudie zile sentensi tatu za Papa, katika wiki mbili za kwanza, kwa ruhusa mpya ya mtoto.

---

Mama_Kampemba

Nimenakili yote. Baba yake anauliza kama ile karatasi ya sahihi inaweza kuwa na sentensi inayosema tunaweza kusimamisha wakati wowote.

---

Wakili_Lshi

Ndiyo, na iandikwe hivi: "Wazazi au mtoto wanaweza kusitisha maelezo wakati wowote kwa kumjulisha direkta kwa maandishi." Nakala mbili, moja yenu, moja ya shule, zote zenye tarehe na sahihi ya direkta.